Gari ya Wazi ya Mama Syokau

Machakos mjini

Kwa dada yangu mpendwa Mkamburi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Na mwanangu Wakesho, bado hakubali kulala bila soksi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mume wa Mama Syokau, huyu mwajiri wangu, alifariki mwaka jana. Aliacha gari ya kijani aliyoinunua zamani kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, ile ya wazi, paa lake la turubai hukunjwa nyuma. Aliitunza kama mtoto. Hadi juzi ilikuwa ikiwaka kwa stati moja, na Mama mwenyewe alikuwa akiiendesha kwenda kanisani, kitambaa kichwani, watu wakitoka madukani kumtazama. Basi shemeji yake, Musau, alipoanza kusema mjane hawezi kurithi shamba, Mama akaamua kuiuza amlipe wakili. Akatoa tangazo gazetini, kwa wale wanaokusanya magari ya zamani.

Wa kwanza kuja alikuwa Mhindi mzee kutoka Nairobi. Alilala chini na shati lake jeupe akachungulia uvunguni, akafungua boneti, akacheka peke yake kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Wakakubaliana aje kuichukua Jumatatu.

Siku iliyofuata akaja mwanamume mrefu mwenye suti ya kahawia na sauti laini. Mama alikuwa amejilaza, kwa hivyo nikamwonyesha mimi. Dada, mtu huyo hakuitazama gari. Alitazama madirisha.

"Hapa mnaishi wangapi?" akaniuliza.

"Tuko wengi."

"Mbona sioni nguo za wanaume kwa kamba?"

Akamkuna mbwa wetu kichwani, akaenda zake bila kuuliza bei. Asubuhi mbwa alikuwa amekufa kando ya tangi la maji, povu mdomoni.

Ijumaa nilienda soko la Tala kununua mbegu za maharagwe. Nikamwona yule wa suti kwenye kibanda cha nyama, anakula sahani moja na Musau. Musau aliponiona aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mtu ambaye hajawahi kunisalimia tangu nifike.

"Msalimie shemeji yangu," akasema. "Mwambie alale salama."

Nilimkuta Mama akichambua mbaazi, nikamwambia yote. Aliendelea kuchambua mpaka bakuli likajaa.

"Kunja nguo zako na zangu," akasema. "Tunaenda mjini kwa Ndanu." Ndanu ni bintiye, muuguzi.

Nilipotoka na mizigo nikakuta amelikunja paa la gari, na mawingu yametanda juu ya vilima vya Iveti.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "mvua inakuja."

"Wacha ije. Nataka kila mtu anione nikitoka hapa nikiwa hai. Mtu akionwa na watu wote, hakuna wa kusema amepotea tu."

Aliendesha polepole, akipiga honi kwa kila duka. Penye kinu cha kusaga mahindi, wanawake wakiwa wamepanga foleni, tukamkuta Musau. Mama akasimama.

"Shemeji, unaenda wapi na gari wazi hivyo? Utanyeshewa."

"Naenda kwa mtoto wangu, halafu kwa wakili," Mama akasema kwa sauti, foleni yote ikasikia. "Ukinitafuta kwangu leo, hutanipata."

Musau alicheka kwa midomo tu. Mvua ilitupiga hadi mjini, na Mama hakuongeza mwendo.

Usiku huo walikuja. Jirani ndiye aliyetueleza. Mlango ulivunjwa, hakuna kilichoibiwa, lakini godoro la Mama lilikatwakatwa kwa panga. Langu pia. Polisi wakasema ni wezi.

Mhindi aliichukulia gari hapa mjini. Mama alipangusa usukani kwa kitambaa chake, akampa funguo, akaingia ndani kabla haijaondoka. Wakili ameanza kazi. Lakini Mama anasema lazima turudi, kwa kuwa nyumba ikikaa tupu mwenye tamaa ataiita yake. Ndanu alilia, hakusikizwa. Mimi nimeambiwa niko huru kurudi kwetu. Dada, nimeshindwa kumwacha mama wa watu. Nimesema nitaenda naye.

Msalimie mama, lakini habari ya magodoro usimsomee. Nisalimie shemeji yangu fundi wa viatu, na yule shangazi wa Mgange anayeniombea. Mkumbatie Wakesho mpaka alalamike.

Ni mimi mdogo wako,
Mghoi

Nilikuwa nimeifunga barua, nimeifungua tena. Leo tulienda kuitazama nyumba. Mlango umeshatengenezwa, una kufuli mpya. Musau ameutengeneza kwa mikono yake, bila kuombwa. Alimpa Mama ufunguo mmoja, akasema wa pili atabaki nao yeye, kwa usalama wetu. Mama akanyoosha mkono kuudai, Musau akautia mfukoni. Mpaka tunaondoka Mama alikuwa bado ameunyoosha mkono.