Nilikalia Masinia ya Hitima Yako

Maganga, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Uliidai kila asubuhi nami nikakunyima, sembuse leo ambapo huwezi kunifukuza kwa jembe. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zile zile za darasa la watu wazima ulizokuwa ukizicheka, ukisema M yangu ina miguu ya kaa. Icheke tena. Mengi yamepita tangu ulipoondoka, na hapa kijijini sina wa kumsimulia akanijibu vibaya kama nilivyozoea.

Ulifariki alfajiri, na adhuhuri upepo ukaanza. Wanaume walikubeba mvua ikiwapiga usoni, wakakuzika haraka haraka, wakarudi mbio kushikilia mapaa yao. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulala mlangoni, jeneza lisipite mpaka niseme yote: kwamba Mnyamwezi huyu siku aliyofika pwani alionja bahari akauliza nani kaharibu maji, kwamba alimkimbia kaa mdogo mbele ya wakwe zake. Msiba bila watani haujakamilika, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana nilipofiwa na mama yangu ulivaa kanga zake ukanililia kwa sauti yake mpaka nikacheka huku kamasi zinanitoka. Lakini siku yako nani angenisikia? Ulizikwa kimya, kama mtu asiye na watani. Hilo liliniuma kuliko nyumba yangu kuezuliwa.

Dhoruba iling'oa minazi, ikaondoka na paa la msikiti, na tuta la majaruba ya chumvi likabomoka kwenye kona ya mikoko. Tuta lako lile. Ulitufundisha kulijenga kama mnavyojenga majaruba ya mpunga kwenu, tukakucheka, halafu kijiji kizima kikavaa na kula kwa chumvi yake.

Masika chumvi hulala. Ni miezi ya kusuka ukili, kushona makuti, kuokota chaza maji yakitoka, na kusengenyana barazani. Mwaka huu hata kusengenyana kulikosa watu. Nyumba baada ya nyumba ilifungwa, wenyewe wakaenda kwa ndugu zao Msimbu, kwenye mashamba ya muhogo mbali na bahari, kungoja mvua ikatike. Mwenyekiti wetu Seif akaanza maneno yake: "Jamani, labda tuhamie huko huko moja kwa moja. Muhogo haubomolewi na bahari." Na kila bamvua lilipoingia na maji yake makubwa, pengo la tuta lilipanuka. Lisingezibwa kabla ya kiangazi, chumvi isingepatikana, na bila chumvi hapa hakuna kijiji. Hata Zena, mkeo, alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Angeondoka na watoto, wewe ungebaki peke yako nyuma ya msikiti usio na paa, na mimi ningebaki na nani? Nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Kilichowarudisha watu ni hitima ya arobaini yako. Walikuja hata wale wa Msimbu, kanzu zimepigwa pasi, sura zimenuna. Dua ikasomwa vizuri. Pilau ikaanza kunukia, na kila mtu akawa anatazama jikoni kwa pembe ya jicho. Hapo nikaingia ndani, nikavaa lile koti lako lenye mfuko mmoja, nikalifunga kiunoni kwa kamba kama ulivyokuwa ukifanya, nikatwaa jembe lako. Nikayakusanya masinia yote, nikayapanga mlangoni mwa jiko, nikayakalia. Unaujua mwili wangu. Hakuna wa kuninyanyua.

Nikapaza sauti yako ile ya kukoroma: "Nyie watu wa pwani, kula tu mnajua! Nani kaniachia tuta langu wazi? Hali mtu hapa mpaka kila mmoja ampelekee Maganga pakacha moja la udongo!"

Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah." Nikaona basi, nimekuharibia hitima. Harufu ya jasho la koti lako ikanijaa puani, Maganga, nikakukumbuka vibaya sana. Halafu Zena akacheka. Tangu ulipofariki sikuwa nimesikia kicheko chake. Alicheka mpaka akashika nguzo, akasema, "Ndiye yeye! Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akinisumbua!" Sheikh naye akajifuta macho, akasema, "Huyu ni mtani wake. Utani una haki yake. Mpeni anachotaka, jamani, tule."

Wakaenda. Maji yalikuwa yametoka, na dhoruba yenyewe ilikuwa imetutupia makuti kila mahali, hatukuwa na haja ya kukwea. Tulifanya kama ulivyotufundisha: tabaka la tope, tabaka la makuti, kisha kukanyaga. Seif alikuja na kanzu ameipandisha magotini, akamwaga pakacha lake, akataka kuondoka, nikamwambia la kwake lilikuwa nusu. Akaleta jingine. Kufika hapo watu walikwisha kuchafuka, na mtu akishachafuka haoni sababu ya kuacha. Mtu akaanzisha wimbo. Pilau tuliila imepoa, mikono inanuka tope, na sijala pilau tamu kama ile.

Kesho yake walirudi na majembe bila kuitwa. Wengine wakawafuata watoto wao Msimbu. Kazi ilituchukua hadi karibu na bamvua lililofuata, na siku lilipoingia tulisimama wote tuking'ang'aniana mikono. Maji yalipanda, yakaligusa tuta, yakakaa hapo tukiyatazama, yakashuka. Seif hakusema lolote kuhusu muhogo.

Msikiti sasa una paa jipya. Zena amefungua mizigo, na mwanao Shija anatembea na koti lako ingawa linamfika magotini. Mvua zimepungua. Asubuhi jua linatoka mapema, na wanawake wanafagia majaruba tayari kwa maji ya kwanza.

Bado nakukumbuka sana. Nikipita pale kwako ulimi unaniwasha, nina tusi zuri na sina wa kumpa. Basi nakuahidi hivi: kila masika yakikaribia nitalipita tuta lako kwa miguu yangu, mwanzo hadi mwisho, na nikikuta ufa nitakutukana wewe kwanza kabla ya kwenda kuita watu. Nikishindwa kutembea, Shija nimekwisha kumfundisha njia, na matusi pia.

Lala, Mnyamwezi. Bahari iko upande wake wa tuta.

Mtani wako,
Mwajuma