Tuliipinda Barabara

Kigamboni, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Mie mzima, ila usingizi wa shida.

Huu mwaka wa tatu tangu baba agongwe na gari mbele ya nyumba, na tangu tumzike sijakanyaga tena Gongo la Mboto. Nilikuambia ni kazi. Siyo kazi, mama. Barabara ile niliichora mie. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nikaipenda pana, imenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Barabara ya hivyo humwambia dereva, kimbia. Aliyemgonga baba alitii tu.

Nisamehe.

Mwanao, Flaviana

Kigamboni, 19 Mei 2024

Mama, shikamoo. Magoti je?

Hujajibu, na sikulaumu. Nimeomba ofisini niichore upya, wamekubali. Naifanya nyembamba, inapinda kidogo kanisani, miti karibu na lami, na kivuko cha waenda kwa miguu kimeinuliwa ili gari lipande kwanza ndipo lishuke. Dereva atajikuta amepunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Nimemwota baba anavuka, kofia mkononi, hana haraka.

Mwanao, Flaviana

Gongo la Mboto, 8 Desemba 2024

Mwanangu Flaviana,

Marahaba. Presha imeshuka, magoti ndiyo yanagoma. Wewe unakula?

Barua zako nilizisoma. Sikujibu kwa sababu nilikukasirikia, nisikudanganye. Kisha mafundi wakaja. Mbwana muuza mihogo akapiga kelele, "Wanatubania barabara!" Sasa ndiye anayeisifu kuliko wote.

Jana nilivuka peke yangu, mara ya kwanza tangu baba yako. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa, magari yanakuja taratibu kama yanaogelea. Nilipofika katikati miguu ikagoma. Lori likasimama. Dereva akatoa kichwa: "Shikamoo mama. Pita tu, nakusubiri." Ana mwanya, kijana wa watu. Zamani sie hatukuwaga tunaona nyuso za madereva, tulikuwa tunaona vumbi tu. Nikalia palepale, na hakuna aliyepiga honi.

Baba yako barabara haitamrudisha. Lakini mie nipo. Njoo Jumapili baada ya misa, nitapika kisamvu. Hasira haijaisha yote, sikufichi. Iliyobaki tutaimaliza wote wawili, tukila.

Mama yako, Margareta