Gari la Wageni Limepata Kazi Nyingine

Got Winyo, juu ya Sindo,
Homa Bay.

Mke wangu Mama Zuhura,

Amani iwe kwako na kwa wanangu. Kabla hujasoma mstari mwingine nijibu moyoni: kifua cha Zuhura kimepoa? Na mdogo wake, bado anakwangua ukuta anakula udongo? Na wewe mwenyewe mgongo vipi? Mimi mwili mzima. Baridi ya mlimani imenipasua midomo, na samaki wa huku nimemzoea ingawa wanamla bila nazi, na ukiwauliza habari ya nazi wanacheka. Mengine si mazima, ndiyo maana naandika.

Utauliza kwa nini barua na simu ninayo. Mama Zuhura, wewe simu yako huiweka sauti ya juu na nyumba nzima hukaa kikao. Mama mkwe hunijibu kabla yako. Jambo hili nataka ulisome peke yako, mlango umefungwa, kisha ukasirike ukiwa umekaa. Barua nitampa kondakta wa basi la Mombasa nikiteremka Migori. Akikufikishia mpe japo maji ya kunywa.

Jambo lenyewe ni kuja kwenu. Nilikuambia shule zikifungwa mfunge mizigo mje tukae wote huku, kwamba kazi imesimama, gari lipo, wageni watajaa. Najua umeshawaaga majirani. Najua Zuhura ameshawatangazia wenzake kuwa baba yake anakaa mawinguni. Sasa soma taratibu nikueleze, maana mimi mwenyewe sijui nikwambie mje au mbaki.

Mama Adhiambo unamkumbuka, yule mjane mstaafu aliyekuja Diani kupumzika, nikamwendesha Shimba Hills, akasema kwao kuna mlima mzuri kuliko ule na hakuna anayeujua. Hakusema uongo. Ukisimama ukingoni hapa asubuhi unaliona ziwa lote na visiwa vyake, na ndege ni wengi hata mji umeitwa kwa ajili yao: Got Winyo, mlima wa ndege. Amejenga nyumba ya wageni safi, akanunua Landkruza ndefu ya paa la kufunuka, akachoresha ndege mlangoni. Kilichobaki, aliniambia, ni wageni wenyewe, na kuwaleta ni kazi yako.

Kuwaleta! Mke wangu, nimeutembeza mlima huu kama muuza kahawa. Nilienda hadi Ogwedhi, kule Migori inakopakana na Narok, nikidhani magari ya watalii wa Mara yatapita nami niyageuze. Nikachagua siku ya soko la ng'ombe kwa kuwa watu ni wengi. Walikuwa wengi kweli. Wakanizunguka, wakalikagua gari ndani na nje, wakauliza linabeba ndama wangapi. Nikawagawia karatasi zenye picha ya mlima. Mzee mmoja akaikunja yake vizuri, akafungia tumbaku, akanishukuru sana. Wakati wa kurudi nikakwama nyuma ya matrekta ya miwa pale Awendo, nikawa na muda wa kutosha wa kujiuliza nani alinituma.

Hatimaye Mungu akafungua. Kampuni moja ya utalii ya Nairobi ikasema itatuma watu wake waje watazame njia, chakula na malazi. Wakipenda, Got Winyo itaingia kwenye safari zao za kila mwezi. Wasipopenda, Mama Adhiambo alisema wazi, gari ataliuza, maana mlima haunywi mafuta lakini gari linakunywa. Kwa hiyo unaona, kuja kwenu kote kulikuwa kumening'inia kwenye siku hiyo moja.

Wale wa Nairobi wakaniuliza siku ya kuja. Nikawakusanya watu wa mji, akina mama wapishi na vijana wa kupandisha wageni hadi kwenye pango lililo juu ya mlima, na kiongozi wao Okeyo, ambaye ndiye rafiki yangu wa kwanza hapa. Nikasema Ijumaa. Wakatazamana kidogo. Mama mmoja akasema, "Ijumaa ni sawa." Wote wakasema ni sawa, nikaenda zangu nimefurahi.

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu wa pwani hasa. Baba yake Okeyo alikuwa amefariki hospitalini Homa Bay wakati ule niko Ogwedhi. Niliporudi nilimpa Okeyo pole, nikamshika mkono, nikaona yamekwisha. Wewe unajua kwetu: mtu akifa alfajiri, alasiri tumeshatoka makaburini. Haikunijia hata kidogo kwamba mzee yuko mochari bado, anasubiri ndugu wakusanyike kutoka kila pembe. Huku maiti huletwa nyumbani Ijumaa, hulala kwake, huzikwa Jumamosi. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Mimi sikulijua, na nilikuwa nimekwisha kuwaambia wa Nairobi waje.

Alhamisi Okeyo alinikuta naosha gari.

"Jaswahili," yaani Mswahili, ndivyo wanavyoniita hapa, "kesho tunaenda kuleta mzee."

"Mzee gani?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Baba."

Sponji likaniponyoka. "Okeyo, kesho si wageni wanakuja?"

"Najua. Lakini gari ya mochari haiwezi panda hii mlima na hii mvua. Hata ya wageni haiwezi. Ni hii yako tu."

"Sasa mbona hamkuniambia siku ile niliposema Ijumaa?"

"Wewe ndio ulisema Friday," akajibu, bila hasira yoyote. "Mgeni akisema anakuja, utamkatazia aje? Na baba yangu je, naye nitamkatazia?"

Nikakimbilia kwa Mama Adhiambo, nikitegemea kwamba yeye ndiye mwenye gari, atasema hapana. Alikuwa anakunja shuka za wageni. Akakaa kitandani na shuka yake.

"Nikimnyima Okeyo gari leo, huku mlimani nitaishi na nani?" akasema. "Enda ulete mzee mapema. Wageni wanafika Sindo mchana. Utawahi tu."

Hakuyaamini mwenyewe. Shuka ile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Tulitoka kabla ya jua. Viti vya katikati tulivifungua tukaviacha barazani. Mke wangu, mzee wa huku haharakishwi. Mochari kuna kumvika, kuna sala, kuna nyimbo. Wakafunga matawi ya msiba mbele na ubavuni mwa gari mpaka yule ndege wa mlangoni akawa amejificha kichakani. Mbita tukasimama kwa wajomba wa marehemu waliotaka kumwona, na nani angewakatalia? Kila soko ambako mzee aliwahi kuuza kamba zake za kufungia ng'ombe tulipunguza mwendo, na akina mama wa kanisa wakafunua paa, lile paa la kutazamia wanyama, wakasimama vichwa nje wakiimba. Mimi nikawa nasema kimoyomoyo, mzee wangu, twende basi, nakuomba. Kisha naona haya, maana na mimi nilizika baba.

Sindo tulifika jua limeshageuka na wingu jeusi limekalia mlima. Wageni wangu wamesimama kando ya duka na mabegi yao: Madam Njoki, mkuu wao, na wenzake wawili, mmoja mzungu mzee mwenye darubini shingoni. Madam alilitazama gari, akatazama matawi, akatazama vile vichwa vinavyoimba juu ya paa, ndipo akanitazama mimi.

"Hii ndiyo gari yetu?"

"Ndiyo, Madam," nikasema. "Lakini…"

Mama yake Okeyo akatoa kichwa dirishani. Mkono mmoja ulikuwa bado juu ya jeneza.

"Wageni waingie," akasema. "Nafasi iko. Mzee hajawahi acha mgeni kwa barabara."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Akawasogeza wenzake, akapangusa kiti kwa leso yake. Mzungu akashika mlango, mguu mmoja tayari ndani. Madam Njoki akamgusa bega. Akatoa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Akasema wao watasubiri nirudi. Nikauona uso wa yule mama akirudi ndani, kama mtu aliyepika siku nzima akaambiwa watu wameshiba.

Nifanye nini? Mzee siwezi kumwacha njiani, wageni siwezi kuwaacha njiani, na gari ni moja. Nikapanda mlima. Mvua ikatudaka katikati, vijana wakashuka wakasukuma kwa mabega, matope mpaka magotini, wanasukuma huku wanaimba. Tulipoingia boma la Okeyo vilio vikapasuka, nami nikakaa kwenye usukani nimeshindwa hata kuzima injini. Kisha nikateremka tena peke yangu, gari linateleza upande upande, nasoma kila dua ninayoijua. Sindo duka limefungwa. Mwenye duka akaniambia wageni waliondoka mvua ilipochachamaa, na wamesema asante.

Chakula cha wageni kililiwa matangani. Jumamosi tulimzika mzee, nami nikashika koleo zamu yangu. Ujumbe wa Madam Njoki ukaja baadaye kidogo: mahali ni pazuri sana, watu ni wema sana, ila bado hapajawa tayari kupokea wageni. Mama Adhiambo aliusoma, akanipa simu niusome, akaenda kuwalisha kuku. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, Mama Zuhura, na wallahi sikumpata. Nimkasirikie Okeyo kwa kuwa amemzika baba yake? Au mama yake kwa kuwa aliwaambia wageni karibu?

Sasa sikia yaliyofuata. Jumatatu akaja mtu kutoka kilima cha pili. Wamefiwa, njia yao mbaya kuliko yetu, na wamesikia huku kuna gari linalopanda. Mama Adhiambo hakuweza kukataa. Wakaja wa Sindo. Wakaja na wa upande wa Migori. Gari lililonunuliwa kuleta wageni sasa linarudisha wenyeji, kila Ijumaa, na yule ndege amechubuliwa na matawi hata mdomo hana. Kwa hiyo gari haliuzwi tena. Kazi ipo, mke wangu, ipo tele, nayo ndiyo hiyo.

Okeyo amefurahi kuliko wote. Juzi kanishika bega akaniambia, "Jaswahili, sasa wewe ni wetu. Siku yako ikifika, hata kwenu iwe mbali aje, tutakupeleka mpaka kwa mlango." Kwake hiyo ni ahadi kubwa kuliko zote, na kweli ni kubwa. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto.

Nimeshikwa pabaya. Nikisema nirudi, kule Diani hakuna hoteli hata moja iliyonipigia tangu waliponisimamisha. Nikisema nibaki, nabaki kwa kazi ambayo sikukusifia hata siku moja. Na wao wananipenda, hilo ndilo linalonimaliza. Wangekuwa wabaya ningeshafunga begi zamani.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu aliyoniagiza nimeipata Homa Bay, ila kondakta namwamini kwa barua tu. Nisalimie dada yangu Mwanatumu wa mahamri, na mumewe fundi cherehani, kanzu yangu asiikate mpaka nimwambie. Nisalimie shemeji yangu maalimu wa chuoni, aniombee, na mjomba wako, mwambie mnazi wa jirani asiukate tena bila kumuuliza mwenyewe, nimesikia. Zuhura na mdogo wake wabusu wote wawili, na mwambie Zuhura mawingu yapo kweli, baba hakumdanganya.

Neno la mwisho, nililolikwepa tangu nilipoanza kuandika. Shule zinafungwa Alhamisi, nawe umeshakata tiketi za basi la jioni ile ile. Kwa hiyo Sindo mtafika Ijumaa. Ijumaa hiyo gari lina mtu, marehemu mama mmoja mzee wa mlima huu huu tunayekwenda kumchukua mochari ya mjini. Mvua haijakoma, gari jingine halipandi, nami Sindo sina ndugu wa kuwalaza. Nimemwomba Mama Adhiambo. Nimewaomba na wafiwa. Wote wamenijibu kwa upole kwamba hakuna tabu, nafasi iko, watoto watapakatwa.

Nitasimama mbele yenu na matawi yangu, Mama Zuhura, na mama mmoja wa wafiwa atatoa kichwa dirishani awaite ndani. Niambie sasa, kabla hamjatoka huko. Mtapanda?

Mumeo asiyejua la kufanya,
Baba Zuhura