Habari ya Mwenye Mwili

Jumatatu, 4 Septemba

Malaria, malaria, kuhara, mtoto aliyemeza kifungo. Glovu zinakwisha. Mchana nimebandika mabango ya kansa yaliyotoka ofisi ya afya. Kifaransa kitupu, na mchoro wa mama anayejitazama kwenye kioo kirefu. Hapa Kilibula nani ana kioo cha kufika kifuani? Nimebandika hivyo hivyo. Jioni nimekuta bango moja limefungia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni. Angalau limepata kazi.

Nabintu alikuja mwisho. Mkulima, shamba lake liko Kavimvira. Mumewe yuko kambi ya wakimbizi ng'ambo ya Ziwa tangu mapigano ya mwaka jana. Uvimbe titi la kushoto. Mgumu, hauumi, bado unasogea chini ya kidole. Sikuupenda. Yeye nimemwambia tutaona. Shemeji yake, Byamungu, alikuwa anangoja nje, nikamvuta pembeni nikamwambia kila kitu: huenda ni kansa, apelekwe hospitali ya mlimani, daktari wa upasuaji yupo hadi tarehe ishirini tu.

Ndivyo tunavyofanya. Habari mbaya hupewa mkubwa wa jamaa, naye ndiye anayejua pa kuifikisha. Mimi ni muuguzi kwa miaka ishirini sasa, sijawahi kufanya vingine.

Jumatano, 6 Septemba

Nimekwenda uwanja wa kuanika ndagala kumsikiliza Mapendo akiwafundisha wanawake kujipima titi. Nilikwenda kutafuta makosa, niseme ukweli. Mwanamke ambaye hakumaliza darasa la nne, na wanawake wanamsikiliza kuliko mimi.

Mapendo anaanika samaki kama wenzake. Alikatwa titi miaka sita iliyopita. Leo alikuwa na donge la bugali baridi, kubwa, amelifunika kitenge. Ndani alikuwa ameficha kokwa mbili za ngazi, tunda la mawese, moja juu, moja chini kabisa. Kila mwanamke akapitisha vidole vitatu, polepole, kwa mzunguko, mpaka aipate. Ya juu waliipata mara moja. Ya chini iliwasumbua. Hakumharakisha mtu. Walicheka, wakagombania zamu. Kisha akawaambia: uvimbe mwingi si kansa, lakini kwa kuangalia tu huwezi kujua. Usiouma nao uonyeshwe. Hauambukizi. Mtu hapewi kansa na mtu.

Nilitafuta kosa sikuliona. Mabango yangu yana rangi nne na hayajamfundisha mtu hata mmoja. Nimerudi nyumbani nina wivu, na njaa.

Jumamosi, 9 Septemba

Mambo yameharibika.

Nabintu hakupelekwa mlimani. Byamungu alimwambia hospitali imeshindwa, si ugonjwa wa hospitali, ni wa watu. Yaani sumu. Akampeleka kwa mganga, akanyweshwa dawa ya kutapika siku mbili. Na mwenye kutia sumu ameshapatikana: jirani yake Nabintu, Mama Ciza, anayesema Kirundi, aliyempa kasikisi, pombe ya ndizi, siku ya ubatizo. Jana vijana wenye fimbo walisimama mbele ya ua wa Mama Ciza. Hawakufanya kitu. Walisimama tu.

Wakati wa vita neno kama hilo linaua mtu mchana kweupe. Na neno lilitoka wapi? Kwangu. Nilimpa habari mtu asiye na uvimbe, akaifanyia alivyotaka. Sijala.

Jumapili, 10 Septemba

Baada ya misa Mapendo alikuja kwangu. Hakukaa kwenye kiti. "Docta, weye uliambia Byamungu. Byamungu iko na titi?"

Nikamweleza desturi. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema twende. Nikavaa viatu.

Tulimkuta Nabintu amelala mkekani, midomo imekauka kwa kutapika. Byamungu alitaka kuingia nasi. Mapendo akamwomba atuchotee maji, na alipotoka akafunga mlango. Nimesema neno lenyewe, kansa, nikimtazama machoni. Nimemwambia sina hakika mpaka daktari aukate uvimbe na kuutazama, kwamba ni mapema, kwamba hakuna aliyempa.

Alijiinua kwa kiwiko. Kisha: "Minye ndiye niko mugonjwa, na minye ndiye wa mwisho kujua?"

Nimeona haya kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Jumatatu, 11 Septemba

Sikuona mwenyewe, nimesimuliwa na wanawake watatu na wote wamesimulia sawasawa. Asubuhi Nabintu alijikokota hadi kwa Mama Ciza. Akaomba kasikisi. Watu wakajaa. Mama Ciza akamimina, akainua kibuyu aonje kwanza, kama kila mwenye nyumba anavyofanya hapa ili mgeni ajue hamna kitu. Nabintu akamzuia mkono. Akachukua kibuyu kabla hakijaonjwa akanywa mbele yao wote.

Vijana wenye fimbo wakatafuta pa kwenda. Huyu mwanamke alikuwa na siku moja tu tangu ajue. Mimi nimejua wiki nzima na sikuthubutu hata kupita njia ile.

Jumanne, 12 Septemba

Milio ya risasi tangu alfajiri, upande wa bonde. Barabara ya Luvungi, ya kwenda hospitali, imefungwa. Zimebaki siku nane daktari aondoke.

Alhamisi, 14 Septemba

Bado imefungwa. Waliojeruhiwa wawili, nimeshona.

Nabintu sasa anaogopa kisu. Amesikia kwamba ukikatwa, ugonjwa unakasirika na kukimbia mwilini. Nimemweleza kwa Kiswahili changu kizuri cha shule. Hakusikia hata nusu. Mapendo akafungua blauzi. Kovu refu, bapa, limepauka. Akamshika mkono, akaupitisha juu yake, kutoka kwapani hadi katikati ya kifua. Akamwambia mahali panapokufa ganzi, mahali panapowasha mvua ikikaribia, jinsi mkono ulivyokataa kubeba beseni miezi mitatu. Hakuficha kwamba aliumia. Hakuficha kwamba mwenzake aliyelazwa naye chumba kimoja alikufa.

Nilidhani hilo la mwisho litamkimbiza. Nabintu ndipo alipouliza, "Tunaenda lini?"

Nimejifunza: mtu akiona hujamficha baya, anakuamini unapomwambia jema. Ningeandika hivyo kwenye bango, kama ningepewa bango.

Jumamosi, 16 Septemba

Barieri, kizuizi cha barabarani, imefunguliwa asubuhi. Wameondoka, Nabintu na Mapendo, pikipiki moja hadi Luvungi, kutoka hapo kwa miguu kupanda. Mapendo ameacha ndagala zake kwa Mama Ciza azigeuze. Nilimpa Nabintu barua ya kumpa daktari na glovu zangu za mwisho. Byamungu alikuja kuaga akiwa amenuna. Hata hivyo ndiye aliyemlipa mwenye pikipiki. Nimrekodie haki yake.

Saa nane milio imeanza tena. Huko huko bondeni.

Jumapili, 17 Septemba

Hakuna habari.

Jumatatu, 18 Septemba

Hakuna. Nimemfokea mama mmoja bure kwa sababu alisahau kadi. Nimemwomba msamaha.

Jumatano, 20 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya daktari mlimani. Watu wanaoshuka wanasema kijiji kimoja njiani kimeungua. Hawajui kipi. Nina hofu, na hofu yangu haimsaidii mtu. Nimekwenda uwanja wa ndagala badala ya Mapendo, nikiwa na donge langu la bugali. Nililipika likawa gumu mno. Wanawake wamenicheka sana. Lakini wamepitisha vidole, na mmoja amebaki nyuma kuniambia jambo. Nimempa siku ya kuja apimwe. Yeye mwenyewe, si mumewe.

Ijumaa, 22 Septemba

Wako hai. Mwenye pikipiki ameleta salamu. Walilala siku mbili kwenye mihogo ya watu, milio ikipita juu, wakafika tarehe kumi na nane usiku. Amekatwa tarehe kumi na tisa. Mapendo anamwogesha.

Nililia kidogo nyuma ya stoo ya dawa. Kisha nikaendelea na foleni.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Wamerudi salama. Nabintu amekonda, anatembea akiegemea upande mmoja. Barua ya daktari imefungwa kwa gundi, jina langu juu yake. Byamungu alinyoosha mkono aichukue, yeye ndiye amsomee. Nimemwambia hapana. Alikaa nje.

Nimemsomea Nabintu mstari kwa mstari, nikigeuza Kifaransa kwa Kiswahili. Ilikuwa kansa. Titi lote limetolewa. Tezi mbili za kwapani zilikuwa zimeguswa, nazo zimetolewa. Dawa za kuendelea ziko mbali, na njia ya kuzifuata haijafunguka. Huenda imekwisha, huenda itarudi. Nitampima kila mwezi.

Akaniomba nirudie hapo pa kurudi. Nikarudia.

Alitazama mvua ilivyolainisha udongo wa ua. Akauliza kama mwaka huu apande mihogo. Mihogo ya hapa unaingoja mwaka na nusu, na wote wawili tulilijua hilo. Ningeweza kumwambia ndiyo, kwa upole. Nikamwambia sijui.

Alitikisa kichwa kukubali, bila kinyongo. "Basi ntapanda mihogo, na maharagi katikati. Maharagi inawahi."

Mapendo alimfunga kitenge vizuri begani, na wakaondoka kwenda kutafuta mbegu.