Matairi Laini ya Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo na goti lako? Limepoa, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi tu wazima, isipokuwa mgongo wa Mama, ambao siku hizi hautaki akae kitako muda mrefu.

Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, anayesafiri kesho. Kwenye simu ningelia, na Baba angesikia. Kuta zetu unazijua.

Habari za lile gari lake kubwa la porini ulizipata. Ni refu mno, Mama hulipanda kwa kigoda. Jumamosi tarehe 22 Baba anataka kutuleta kwako nalo, mwendo wa saa tisa, lami tupu. Tangu aseme hivyo, silali vizuri.

Unakumbuka alipokuwa dereva wa wapima ardhi: mchangani alipunguza upepo wa matairi ili gari lisizame. Sasa anapunguza hata barabarani, eti mgongo wa Mama usirushwerushwe. Anafanya kwa upendo, Shangazi, na hilo ndilo linalonifunga mdomo.

Wiki iliyopita tulijaribu safari ya saa mbili. Kila lori lilipotupita gari liliyumba, likachelewa kutulia. Nilijikuta nimeshika mkanda wa Mama, si wangu. Tuliposimama kwenye kituo cha mafuta, fundi wa matairi wa pale aliweka kiganja kwenye tairi, akakitoa haraka.

"Mzee, unataka kukaanga nini hapa?"

"Kijana, mimi nimeanza kuendesha wewe hujajua kutambaa."

"Mchangani sawa. Kwenye lami, kwa mwendo na uzito huu, tairi laini linajipika. Likipasuka, gari refu hivi halisimami, linalala ubavu."

Akajaza upepo. Baba akamshukuru vizuri sana. Kilomita chache mbele akaegesha, akashuka, nikasikia upepo ukitoka, fsss, tairi moja baada ya jingine. Mama akasema, "Baba yenu ananihurumia," akafumba macho. Sasa hata bomba la jikoni likifunguliwa, moyo unanilipuka.

Nimejaribu kumweleza. Ananiita profesa, anacheka, yanaishia hapo. Wewe ni dada yake mkubwa, hajawahi kukubishia. Tafadhali mpigie kabla ya siku hiyo. Mwambie ajaze upepo kama inavyotakiwa na aende polepole, au tuje kwa basi. Mimi usinitaje.

Akikataa, nitapanda hivyo hivyo, nyuma ya kiti cha Mama. Nimejiuliza mara nyingi kama huo si ujinga. Lakini nikiwafikiria wako barabarani, nami nimekaa hapa naitazama simu, naona hilo siliwezi kabisa.

Wasalimie binamu zangu, yule mwalimu na yule tuliyempa jina la Chapuchapu, na unibusie mjukuu wako mchanga. Mungu akuzidishie afya, na aniachie wazazi wangu wote wawili.

Mwanao akupendaye, anayengoja kusikia simu ya Baba ikiita