Picha ya Jiwe Nyeusi

Lundi, mangaribi

Na mi njo nilijisifu, mbele ya bibi yangu.

Miezi tatu ninatuma masomo ya chimie mu groupe ya WhatsApp ya classe yangu. Batoto banasoma, banakamata kimya. Hata «bonjour, monsieur» hakuna.

Juma iliyopita nikasema, niache kitabu, nibaonyeshe bitu ya kwetu hapa Kolwezi. Nikatuma picha ya mawe mbili, na sauti yangu ninaeleza: ya kijani iko na shaba, ile nyeusi yenye kuchafua kidole iko na cobalt. Simu ikalia mpaka nikaizima. «Na ya kahawia, monsieur?» «Tuma ingine!» Nikaambia bibi yangu: ona, sasa banapenda chimie.

Lelo mu classe nilikuta batoto kumi na mbili tu. Nyuma yote wazi.

Nikauliza Ilunga, chef de classe, benzake beko wapi. Akaangalia chini.

«Beko ku carrière, kule banachimbaka mawe, monsieur. Banachagua mawe na picha yenu. Banunuzi habawezi tena kubadanganya.»

Picha yangu. Sauti yangu mule ndani, ninaeleza polepole juu basikie muzuri...

Nilishika simu nifunge groupe. Nikakuta message ya mama ya Kapinga, mutoto muke mwenye kutangulia classe yote: «Tata mwalimu, aksanti sana. Kapinga anajua mawe kupita bakubwa. Sasa tunakula mara mbili ku siku. Tutumie somo ingine.»

Miaka kumi na moja ninafundisha. Hakuna muzazi alisha kunishukuru.