Nyumba Isiyo na Ngazi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniambie linaendelea vizuri kama kawaida yako, maana jirani yako wa chini amenieleza kwamba bado unashuka ngazi kinyumenyume huku umeng'ang'ania ukuta. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na lile gauni ulilomshonea halivui mwilini, mpaka mimi nimeanza kulionea wivu.

Tangu uanguke kwenye ngazi hizo sina raha. Nilikusihi uhamie kwetu, ukakataa. Ukasema umezeeka na cherehani yako na huwezi kuwa mgeni wa kudumu kwenye nyumba ya mke wa mtu. Nilipopandisha sauti ukanikatia simu. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa barua haina kitufe cha kukata.

Habari kubwa ni kwamba tunataka kununua nyumba, kwenye kitongoji kilicho kando ya bahari. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji, nyumba sizijui, hivyo tulitafuta dalali. Huyu si wa aina ile inayokula kwa muuzaji. Tunamlipa sisi wanunuzi, naye anatutafutia nyumba, anaikagua na kupatana bei kwa niaba yetu. Ni mama mnene, mcheshi, anavaa raba na anatembea na tochi mchana kweupe. Nyumba ya kwanza ilikuwa inatazama maji, imepakwa rangi mpya, na mimi moyoni nilikuwa nimeshahamia. Yeye akapanda juu ya kiti, akagonga dari kwa bisibisi, plasta ikadondoka tukaziona nondo zimeliwa na chumvi. Tuliaga tukaondoka.

Sharti lake kwetu lilikuwa nisisifu kitu mbele ya mwenye nyumba, hata kama nimekufa nacho. Hapo ndipo malezi yako yaliponiponza, dada. Si wewe uliyenifunza kwamba kuingia kwa mtu ukanyamaza kama gogo ni utovu wa adabu? Tulikwenda kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, mama mpole anayehamia kwa binti yake. Hata sijakaa, nikasifu sakafu, nikasifu mapazia, nikasifu na mwanga wa jikoni. Dalali akanikanyaga mguu lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwalimu alifurahi, akasema kumbe bei aliyotaja ilikuwa ndogo. Tulipotoka nje nilipewa vidonge vyangu, na tangu siku hiyo nikawa nabaki garini, wifi yako ndiye anayeingia.

Kila waliporudi garini nilikuwa na swali moja tu, kama kuna ngazi. Nyumba nzuri nzuri nikazikataa, nyingine kwa sababu ya vidato viwili tu vya ngazi mlangoni. Mwishowe dalali akaniuliza ni nani mwenye mguu mbovu. Nikaanza kumweleza habari zako. Nikamwambia mama alipofariki uliacha shule ukiwa binti mdogo, ukawa unashona sare za watoto wa wenzako ili mimi nipate ya kuvaa. Sikumaliza. Nililia, dada, mtu mzima na kipara changu, vioo vya gari vimeshushwa na watu wanapita. Dalali akanipa kitambaa chake cha kufutia vumbi, nikatoka na uso mweusi.

Ndipo akaturudisha kwa mwalimu, ambaye mlango wake uko sawa na ardhi na chumba chake cha mbele kinapata jua la asubuhi, mahali pazuri kwa cherehani. Kulikuwa na mnunuzi mwingine aliyetaka kuibomoa ajenge ghorofa. Mwalimu akasema ni heri amuuzie yule aliyeona mapazia yake, akarudi kwenye bei ya mwanzo.

Sasa dada, kuna jambo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Siku ya kwenda kwa mwanasheria, wifi yako alikataa jina lake na langu yaandikwe kwenye hati. Nilidhani amebadili mawazo, nikataka kununa. Akasema kama dada anaona vibaya kukaa kwenye nyumba ya mke wa mtu, basi mke wa mtu atakaa kwenye nyumba ya dada. Wazo si langu, naona aibu kwamba si langu. Jina lililoandikwa ni lako peke yako. Mwanasheria anasema bila sahihi yako hakuna kinachoendelea, na mwalimu ameahidi kutusubiri mpaka mwisho wa mwezi, asipopata jibu atamuuzia yule wa ghorofa.

Kwa hiyo sikuombi tena uje kukaa kwangu. Jumamosi tutafika kukuchukua, sisi wawili na dalali, ambaye hakuna wa kumzuia. Ukikataa sitakasirika, ila hatutainunua, na tutaendelea kukaa nyumba ya kupanga. Nakupenda, dada, na sijawahi kukuambia, kwa sababu kwetu hatusemi. Msalimie jirani yako wa chini, ukaze bandeji ya goti, na ukituona mlangoni usishuke. Nitapanda mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kibonge

Wifi yako ameisoma yote. Anauliza kama mwenye nyumba atatupa chumba cha nyuma.